Sala mbele ya kamera: tatizo si macho, ni mshahara

Haupiti muda mrefu kabla haijazuka klipu nyingine ya mtu anayesali. Mara ni kiongozi wa sifa na kuabudu aliyepiga magoti jukwaani, machozi yakimtiririka. Mara ni mtu yuko peke yake chumbani alfajiri, anaombea mataifa, na simu imesimamishwa mbele yake. Watazamaji hugawanyika palepale. Kuna wanaoandika "Mathayo 6:6", mstari unaomwagiza mtu asali chumbani mwake akiwa amefunga mlango, bila neno jingine, kana kwamba namba ya mstari ni hukumu iliyokwisha kusomwa. Wengine hujibu kwamba ajuaye moyo ni Mungu, basi kaeni kimya. Naona pande zote mbili zimeupita mstari wenyewe pembeni. Alichokikemea Yesu pale mlimani si kuonekana ukisali, ni kusali ukitazamia malipo kutoka kwa wanaokuona. Na hiyo nia njema, ambayo kila upande unaitaja kama kitu ambacho mtu anacho au hana, kwa karibu kila mwombaji ni mchanganyiko, na mwenyewe haioni vizuri.

Turudi kwenye sura yenyewe. Mathayo 6 haianzi na sala. Inaanza na onyo la jumla: "Angalieni msifanye wema wenu machoni pa watu, kusudi mtazamwe na wao." Uzito wa sentensi hiyo uko mwishoni, kwenye kusudi. Kisha yanafuata mambo matatu ambayo Myahudi yeyote wa wakati ule aliyajua kuwa nguzo za uchaji, yaani sadaka, sala na kufunga, na kila moja linapewa hukumu ileile, neno kwa neno: "Wamekwisha kupata thawabu yao." Hapo ndipo penye uzito. Yesu hasemi kwamba wanaosali kwenye pembe za njia hawalipwi. Anasema wamelipwa, tena taslimu. Walitaka sifa, wakapata sifa, hesabu imefungwa. Chumba cha ndani na mlango uliofungwa ni dawa ya ugonjwa huo: unaondoka mahali ambapo mshahara wa watu hugawiwa, ili abaki Mmoja tu wa kukujazi. Anayeigeuza dawa hiyo kuwa sheria ya mahali pa kusalia amelishika agizo na kuiacha sababu yake.

Sheria ya namna hiyo ingemkamata Yesu mwenyewe kwanza. Mbele ya kaburi la Lazaro alisali kwa sauti, watu wamemzunguka, kisha akasema waziwazi ndani ya sala ileile kwamba Baba humsikia sikuzote, "lakini kwa ajili ya mkutano huu wanaohudhuria nalisema haya." Hiyo ni sala iliyosemwa ili isikiwe na watu, na mwenye kuisali anakiri hivyo. Sura moja kabla ya onyo la Mathayo 6, katika hotuba ileile, aliwaambia wanafunzi nuru yao iangaze mbele ya watu, matendo yao yaonekane, Baba atukuzwe. Danieli naye, alipojua kwamba mfalme amekwisha kutia sahihi katazo la kusali, alipiga magoti mara tatu kwa siku, madirisha ya chumba chake yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Angeweza kuyafunga. Lakini waliokuwa wakimtazama walikuwa wapelelezi, na mshahara uliokuwa ukimngoja kwa kuonekana ulikuwa tundu la simba. Madirisha yalikuwa wazi na nia ikabaki safi, kwa sababu kuonekana kulimgharimu badala ya kumlipa.

Kwa kipimo hicho, hata kamera si mkosaji. Tarehe 27 Machi 2020, makanisa mengi duniani yakiwa yamefungwa kwa sababu ya korona, Papa Fransisko alisali kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro uliokuwa mtupu, mvua ikinyesha, na watu wa kila bara wakamfuata kwa televisheni na intaneti. Uwanjani hapakuwa na umati. Nyuma ya kamera kulikuwa na mamilioni. Sijui nani angeweza kusema kwa haki kwamba alipaswa kuifanyia sala ile chumbani. Waliokuwa wamefungiwa ndani walihitaji mtu wa kusali nao. Ndivyo ilivyo pia kwa mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani anayefuata ibada kwenye simu. Kurusha ibada mubashara, desturi iliyosambaa kwa kasi tangu mwaka huo, kumewafikia watu ambao kengele ya kanisa haikuwafikia. Hoja hii ni nzito, na wanaopiga vita kamera kwa jumla hawajaijibu.

Tena kuna kichekesho ambacho watawa wa kale walikiona mapema. Evagrio wa Ponto, aliyemaliza maisha yake katika jangwa la Misri mwaka 399, aliyaorodhesha mawazo 8 yanayomshambulia mtawa, na mojawapo ni tamaa ya kusifiwa. Aliona kwamba kuikwepa ni kazi ngumu kwa sababu lolote utakalofanya kuishinda hugeuka kuwa sababu mpya ya kujisifu. Yohane Kasiano, aliyeyapeleka mafundisho ya jangwani hadi nchi iitwayo Ufaransa leo, aliwanukuu wazee walioufananisha ugonjwa huu na kitunguu: unamenya ganda, chini yake kuna ganda jingine. Mtawa akiacha mavazi mazuri, hujivunia matambara. Akiacha kusema, hujivunia ukimya. Basi anayetangaza hadharani kwamba yeye, tofauti na hao wa kwenye klipu, husali sirini, siri yake imekwisha kutoka na malipo yake ameyachukua papo hapo. Mathayo 6 imesemwa kwa anayesali ajiangalie. Haikuandikwa kuwa fimbo ya anayetazama wenzake wakisali.

Lakini upande wa pili haujapona. Hoja yao kubwa, kwamba "nia yangu naijua mimi na Mungu wangu", ndiyo dhaifu kuliko zote zilizotolewa katika mjadala huu. Nusu yake ni kweli: Mungu anaijua. Nusu ya pili Biblia inaikana. Yeremia anasema moyo huwa mdanganyifu kuliko vitu vyote, kisha anauliza nani awezaye kuujua, na katika jibu linalofuata mwenye moyo hatajwi. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anasema hajijui kuwa na neno, lakini hilo halimpi haki. Anamwachia Bwana, atakayeyadhihirisha mashauri ya mioyo. Kama Paulo hakuthubutu kuithibitisha nia yake kwa kujichungulia tu, sisi tunatoa wapi uhakika huo? Mwandishi wa Zaburi 139 anaomba Mungu amchunguze na kuujua moyo wake, na hilo ni ombi la mtu anayeshuku kwamba ndani kuna kitu ambacho yeye mwenyewe hajakiona. Mwenye uhakika na nia yake haombi kuchunguzwa.

Utetezi wao wa pili una nguvu zaidi: tazameni matunda. Watu wameguswa, wengine wameokoka, ya nini kuhoji nia ya aliyesali? Wana andiko. Paulo akiwa kifungoni alisikia kwamba wengine wanamhubiri Kristo kwa husuda na fitina, akasema ikiwa kwa hila, ikiwa kwa kweli, Kristo anahubiriwa, naye anafurahi. Historia ya Kanisa inawaunga mkono pia. Katika mgogoro wa Wadonati, Wakristo waliojitenga na Kanisa huko Afrika Kaskazini, uliozuka baada ya mateso ya mwanzoni mwa karne ya 4, swali lilikuwa kama ubatizo uliotolewa na mhudumu aliyeisaliti imani una thamani, na jibu alilolitetea Augustino, askofu wa Hippo, likashinda: abatizaye ni Kristo, na uchafu wa mhudumu haumnyimi anayepokea. Nakubali yote hayo. Ila tuone jinsi yanavyothibitisha jambo moja tu. Yanamhakikishia msikilizaji kwamba hakuibiwa. Kwa aliyehubiri kwa husuda, Paulo hakusema neno lolote la kumtuliza. Sala iliyomfaa mtazamaji inaweza kuwa imemwacha mwombaji mikono mitupu, na huyo mwombaji ndiye tunayemzungumzia.

Hapa niseme kitu ambacho kamera imekibadilisha kweli, maana si haki kudai kwamba hakuna jipya. Mnafiki wa kwenye pembe ya njia alikisia tu kama watu wamevutiwa. Hakuwa na hesabu. Aliyerusha sala yake leo anaona idadi ya waliotazama ikipanda angali amepiga magoti, anaona ni dakika ipi walianza kuondoka, na wiki ijayo anajua ni sala ya namna gani "inakwenda". Halafu kuna kurudia. Tazama inavyofanyika chumbani: simu inaegemezwa kwenye vitabu, kitufe cha kurekodi kinabonyezwa, mtu anarudi hatua tatu, anapiga magoti, anaanza "Baba wa mbinguni". Anainuka, anajitazama, anaona uso umekatwa na mwanga unatoka nyuma. Anafuta, anarudia "Baba wa mbinguni". Sala ya kwanza ilikuwa imeelekezwa kwa nani hata ikaweza kufutwa? Siulizi ili kumhukumu mtu. Nauliza kwa sababu kitendo chenyewe kinajibu. Ukimwambia mtu jambo naye akasikia, huna haja ya kulisema tena eti ulisimama mahali pasipofaa. Aliyerudia alikuwa na msikilizaji mwingine ambaye bado hajasikia.

Makanisani mambo hayo hufanywa kwa ustadi zaidi. Niliwahi kukaa karibu na meza ya mafundi mitambo kwenye mkesha, nikasikia maelekezo yaliyokuwa yakipita kwenye vipokea sauti: kinanda kishuke mchungaji anapoanza kuomba, taa za ukumbini zififie, kamera namba mbili itafute mwenye machozi. Sikuona hila ndani yake. Walikuwa vijana wanaofanya kazi yao vizuri. Lakini swali la nia ya ibada limehama hapo. Kijana wa kamera namba mbili hawezi kuiona toba. Anaweza kuona machozi. Hatimaye kusanyiko zima hujifunza, pasipo kufundishwa na mtu, kwamba ibada ya kweli ni ile yenye machozi.

Kosa hilo ni la zamani kuliko kamera: kuichukua hisia kali kama ushahidi wa nia safi. Augustino alilitolea maelezo ya ajabu katika kitabu chake Maungamo, mwishoni mwa karne ya 4. Anakumbuka jinsi nyimbo za Kanisa zilivyomliza siku za kuongoka kwake, na bado anakiri kwamba kuna nyakati sauti humgusa kuliko kinachoimbwa. Zikimtokea hizo, huona ametenda dhambi na hutamani afadhali asingemsikia mwimbaji. Hakufuta nyimbo kanisani. Mwisho aliegemea upande wa kuziruhusu. Alichokataa ni kuyaamini machozi yake mwenyewe bila kuyauliza yametoka wapi. Kinyume chake pia ni kweli: ukavu wa moyo si unafiki. Mtu anaweza kusali akiwa amechoka, hana msisimko wowote, akasema maneno aliyoyakariri utotoni, na nia yake ikawa nyoofu kuliko ya anayetetemeka.

Wanaosema kwamba sala ya kukariri au ya kusoma kitabuni ni ya midomo tu wangefaa kutazama msalaba. Saa ambayo hakuna Mkristo atakayehoji ukweli wa nia, Yesu hakutunga maneno mapya. "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha" ni mwanzo wa Zaburi 22. "Mikononi mwako naiweka roho yangu" ni Zaburi 31. Alisali maneno ya watu wa kale, naye aliyamaanisha kuliko walivyowahi kuyamaanisha walioyaandika. Onyo lake la kutopayuka-payuka liliwahusu waliodhani wingi wa maneno ndio unaomfanya Mungu asikie, na dhana hiyo huingia kwenye sala ya papo hapo kwa urahisi uleule, pengine zaidi.

Swali gumu kuliko yote bado. Je, anayesali kwa sababu ana shida ana nia safi? Wapo wanaosema kwamba anayekuja kanisani kutafuta uponyaji, kazi au mchumba hamtafuti Mungu bali anamtumia. Shetani ndiye aliyelitoa shtaka hilo kwanza: "Je! Huyo Ayubu yuamcha BWANA bure?" Ni swali kali, na Yesu mwenyewe aliwaambia watu waliomfuata ng'ambo ya ziwa kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula ile mikate wakashiba. Yakobo naye anataja wanaoomba vibaya, ili wavitumie kwa tamaa zao. Shtaka si la kupuuzwa, hasa pale ibada inapotangazwa kama biashara ya kupanda sadaka na kuvuna gari.

Ila tumtazame mwana mpotevu. Luka anatueleza nia yake ya kurudi bila kuipamba: watumishi wa baba yake wanakula na kusaza, naye anakufa kwa njaa. Tumbo ndilo lililomrudisha. Njiani anatunga hotuba, na hotuba hiyo, ukiisoma kwa jicho la mashaka, ni ombi la ajira. Baba angekuwa na kila sababu ya kumhoji kama amerudi kwa upendo au kwa chakula. Anamwona angali mbali, anakimbia, anamwangukia shingoni, na hotuba haimaliziki: lile ombi la kufanywa kama mmoja wa watumishi halipati nafasi ya kusemwa. Pamoja na njaa yake yote, mwana alikuwa ameelekea upande sahihi, na hilo lilitosha kwa siku ya kwanza. Bernardo wa Clairvaux, abate wa Ufaransa katika karne ya 12, aliweka ngazi 4 za upendo: mtu hujipenda kwa ajili yake mwenyewe, kisha humpenda Mungu kwa faida anayopata, kisha humpenda Mungu kwa ajili ya Mungu, na juu kabisa hujipenda mwenyewe kwa ajili ya Mungu tu. Ngazi ya pili kwa Bernardo ni hatua ya kupita, na hakumkemea mtu kwa kuikanyaga. Hofu yake ingekuwa kwa anayejenga nyumba hapo.

Wapo waliotaka kuruka ngazi. Mwishoni mwa karne ya 17, Fénelon, askofu mkuu wa Cambrai huko Ufaransa, aliutetea upendo safi kabisa usiojali hata thawabu ya mbinguni. Mwaka 1699 Papa Inosenti XII alizikataa kauli 23 za kitabu chake, na Fénelon akatii. Najua hukumu ile ilikuwa na siasa zake za ikulu, lakini kwa jambo lenyewe naona ilikuwa sahihi. Sala ya Bwana yenyewe ina ombi la riziki. Anayedai kumwomba Mungu bila kuhitaji chochote amejiweka mahali ambapo mtoto hakai mbele ya mzazi, na kitunguu cha Kasiano kinamngoja.

Ikiwa hoja hii inasimama, basi ushauri tunaopeana mara nyingi, "usisali mpaka nia yako iwe safi", ni wa hatari. Nia haisafishwi nje ya sala kisha ikaletwa. Yule mtoza ushuru wa Luka 18 hakuchambua nia zake. Alipiga kifua akaomba rehema. Farisayo ndiye aliyekuja na nia iliyokaguliwa. Kinachowezekana kwa mwombaji wa kawaida ni kuukata mshahara wa watu pale anapoweza: atoe pasipo jina, amwombee mtu bila kumwambia kwamba anamwombea, afunge siku ambayo hakuna atakayejua, anawe uso kama Yesu alivyoagiza. Kisha ajitazame anapokosa kutajwa. Aliyeongoza maombi kwa miaka mingi, siku moja mwenzake akapewa kipaza sauti, hujifunza mengi kuhusu moyo wake njiani kurudi nyumbani kuliko katika mikesha yote aliyoiongoza.

Kwa makanisa, jambo ni la mipaka. Kuna sehemu za ibada zinazofaa kurushwa: mahubiri, nyimbo, masomo, sala za pamoja. Kuna zisizofaa: ungamo, maombezi ya mtu mmoja mmoja, yule aliyeanguka kwa kilio mbele ya madhabahu. Anayejibu kwamba klipu hizo ndizo zinazoleta watu ajiulize zinawaleta kwenye nini. Kiasi cha sadaka cha kila mmoja kisisomwe kwa majina, maana Anania na Safira hawakuuawa na uchoyo. Petro aliwakumbusha kwamba shamba lilikuwa lao na fedha zilikuwa zao. Kilichowaponza ni kutaka sifa ya watoaji kamili kwa bei ya nusu, katika kusanyiko ambalo utoaji ulikuwa umekwisha kuonekana na kusifiwa. Na mipaka hiyo iwekwe mapema, kwa maandishi, kabla taa hazijafifia, kwa sababu mtu aliyeinama akilia hana nafasi ya kumwambia kijana wa kamera namba mbili aiondoe lenzi yake.